Vita vya Kusikiliza: Mwongozo wa Kutazama Ginga Eiyu Densetsu Ukiwa Nyamiaga

Anza na hesabu ya muda, maana hapo ndipo wengi wanapokata tamaa. Ginga Eiyu Densetsu, ambayo mitandaoni utaikuta zaidi kwa jina la Legend of the Galactic Heroes, ina sehemu 110. Kila sehemu ni kama dakika 25, kwa hiyo yote inapita saa 45. Ukitazama sehemu mbili kila jioni utaimaliza kwa siku 55. Usijaribu kuibana ndani ya wikiendi mbili. Hata Wajapani hawakuipata kwa mkupuo: ilitoka kwa kanda za video, ikiuzwa kwa waliojiandikisha kuletewa nyumbani, kuanzia 1988 hadi 1997, na kati ya kanda na kanda watu walipata nafasi ya kubishana. Ubishi huo ni nusu ya utamu wake, nawe unauhitaji kama walivyouhitaji wao.

Kisa chenyewe kimesimama hivi. Miaka mingi ijayo wanadamu wametapakaa kwenye galaksi na wamegawanyika pande mbili. Upande mmoja ni Milki, yenye kaisari, makabaila wa kurithi na majina ya Kijerumani. Upande wa pili ni Muungano wa Sayari Huru, jamhuri yenye bunge, uchaguzi na vyombo vya habari, iliyoasisiwa na watumwa waliotoroka Milki. Wamepigana miaka 150, na hakuna aliye hai anayekumbuka maisha ya namna nyingine. Ndani ya Milki anainuka kijana Reinhard von Lohengramm, ambaye dada yake alichukuliwa akiwa bado binti mdogo akawe hawara wa kaisari, naye ameapa kuung'oa ukoo wote wa kifalme. Ndani ya Muungano yuko Yang Wenli, aliyetaka kusoma historia, akakosa ada, akaingia chuo cha kijeshi kwa sababu huko historia ilifundishwa bure. Reinhard anapenda vita na anaviendea kwa furaha. Yang anavichukia, na hakuna wa upande wake anayeviweza kama yeye. Tanaka Yoshiki alikiandika kisa hiki katika vitabu kumi kati ya 1982 na 1987. Mwongozaji Ishiguro Noboru akakigeuza kuwa picha, wala hakukiharakisha.

Nasema na mtazamaji wa Nyamiaga, wilayani Ngara, kwa makusudi. Yapo mambo ambayo mtu wa Tokyo au Chicago anaelezwa na vitabu anapoitazama anime hii, lakini mtu wa Ngara ameyasikia nyumbani. Wilaya hii inapakana na Rwanda na Burundi kwa pamoja. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi, aliyechaguliwa kwa kura Juni mwaka huohuo, aliuawa na wanajeshi wa nchi yake, na Warundi wakakimbilia huku. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, ndani ya saa 24, watu wanaokadiriwa kufika 250,000 walivuka Rusumo kutoka Rwanda, na kambi ya Benaco ikageuka mji. Kwa mkoa mzima wa Kagera kuna pia 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoingia, naye akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini mwa mto Kagera ni ya Uganda. Aliyekulia katikati ya simulizi hizi anajua kwamba neno lililosemwa mezani na watu wasiojaza hata basi dogo huishia barabarani, kwenye vumbi, mama akiwa na godoro kichwani na mtoto mgongoni. Hilo ndilo jambo kuu la anime hii. Kwa hiyo usiitazame kama picha ya mapigano. Ikalie kama kesi ya mpaka wa shamba inayosikilizwa mbele ya wazee: tulia, mwache kila upande amalize, kumbuka nani alisema nini mara ya kwanza, maana mwishoni atasema kingine.

Kabla ya kuwasha, tafuta karatasi uchore ramani. Chora duara mbili kubwa zilizokaribiana, moja Milki, nyingine Muungano. Katikati ni anga isiyopitika, isipokuwa kwa njia mbili nyembamba. Moja iandike Iserlohn. Hapo Milki imejenga ngome ya mviringo yenye kipenyo cha kilomita 60, yenye silaha inayoweza kufuta kundi zima la meli kwa pigo moja. Nyingine iandike Phezzan. Sasa bandika karatasi hiyo ukutani na uiache hapo kwa siku zote 55.

Mtu asiyejua mipaka atauliza kwa nini mamilioni ya askari wanafia kwenye kijia kimoja wakati anga yote hiyo ipo. Wewe huna haja ya kuuliza. Novemba 1978 majeshi ya Amin yalilivunja daraja la Kyaka, kwa sababu bila daraja hilo jeshi la Tanzania lingekwama ukingoni mwa Kagera. Ilibidi kwanza itafutwe njia ya kuvuka ndipo vita vingine viendelee. Kivuko kikishikwa na mmoja, mwingine anapanga maisha yake yote kwa kukizunguka. Ndiyo Iserlohn hiyo, na utakapofika sehemu ya 6 na ya 7, ambako Yang anapewa nusu ya kikosi na kuamriwa aiteke ngome ambayo mashambulizi sita makubwa yameishindwa, utaelewa mara moja kwa nini kila mtu anashika pumzi. (Wajapani nao wanajua thamani ya kivuko: daraja jipya la Rusumo lilijengwa kwa msaada wa Japani, na marais Magufuli na Kagame walilizindua tarehe 6 Aprili 2016.)

Phezzan inataka uvumilivu zaidi, na wengi hulala hapo. Haina jeshi la kutisha. Ina wafanyabiashara, wakopeshaji na mtawala mwerevu aitwaye Adrian Rubinsky. Kila usikiapo mazungumzo ya hatifungani na mikopo, kumbuka malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam, yanayopita Lusahunga na kugawanyika, mengine Rusumo kuelekea Rwanda, mengine Kabanga kuelekea Burundi. Fikiria nyumba za wageni, mafuta, mawakala wa forodha, wabadilisha fedha, wote wanaoishi kwa sababu mpaka upo. Halafu fikiria mahali kama hapo pakapata bendera yake na fedha za kuwakopesha maadui wote wawili. Je, watu wake wangeombea amani iishe au vita viishe? Shikilia swali hilo. Rubinsky hatalijibu mapema.

Sasa lugha. Sauti ni ya Kijapani na maandishi ya chini yanayopatikana kwa wingi ni ya Kiingereza, tena yanakwenda mbio, kwa kuwa watu hawa wanaongea sana. Kama Kiingereza chako kinasita, usijitese peke yako na simu. Rudi kwenye utaratibu tunaoujua. Mabanda yetu ya video yalikua kwa sauti za watafsiri. Kapteni Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, na DJ Mark walijenga majina makubwa kwa kuzifanya filamu za ng'ambo ziongee Kiswahili, kama VJ Jingo alivyofanya kwa Kiganda huko Kampala. Tafuta kijana mmoja anayesoma Kiingereza haraka, mwalimu, muuguzi au mwanafunzi wa kidato cha sita aliye likizo, mketi sita au saba, spika moja, atafsiri papo hapo.

Ila mwekeeni masharti. Katika filamu ya ngumi mtafsiri anaruhusiwa kuongeza chumvi, kumpa jambazi jina la mtaani na kumtungia maneno anapokimbia. Hapa akifanya hivyo anaua kila kitu. Yang haongei kwa majigambo. Ana sauti ya mtu aliyeamshwa mapema, na sauti hiyo ndiyo tabia yake. Oberstein, mshauri wa Reinhard mwenye macho ya bandia, hasemi neno la hasira hata anaposhauri jambo la kutisha kuliko yote, na utulivu huo ndio unaotisha. Mtafsiri awe na ruhusa moja kubwa: kusimamisha picha. Asimamishe, aeleze nani ni nani, ajibu maswali mawili, aendelee. Watafsiri wazuri wa mabandani walikuwa walimu kwa kiasi fulani, wakieleza mambo ambayo picha iliyapita bila kuyasema. Sehemu hiyo ya kazi yao ndiyo mnayoihitaji.

Kwa majina, msijisumbue. Wahusika ni mamia. Picha yenyewe huandika jina na cheo mtu anapotokea, na wengine wengi hufa kabla hujalikariri. Mwanzoni shikeni saba tu: Reinhard, rafiki yake Kircheis, dada yake Annerose, Oberstein, upande wa pili Yang, kijana anayemlea aitwaye Julian, na mwanasiasa Job Truniht. Wengine watajitambulisha kwa matendo yao. Mzee Bucock, jemadari wa Muungano, utampenda bila kuambiwa.

Pa kuanzia pana ubishi, nami nina upande. Anza na filamu ya 1988 yenye urefu wa saa moja, inayowakutanisha Reinhard na Yang kwa mara ya kwanza kabla hawajafahamiana. Humo kuna pambano zima lililopigwa juu ya Bolero ya Ravel, ngoma ileile ikirudi na kupanda, ikirudi na kupanda, mpaka uone kwa nini unahitaji spika nzuri. Halafu tazama filamu ya 1993, inayosimulia upya pambano la Astarte kwa undani kuliko sehemu mbili za mwanzo za mfululizo. Kisha ingia sehemu ya 3 moja kwa moja. Lipo pia toleo jipya lililoanza 2018, Die Neue These, lenye picha za kisasa na sehemu 48 hadi kufikia 2022. Ni zuri kwa macho. Lakini halijafika mwisho wa kisa, na lina haraka kidogo mahali ambapo la zamani linakaa kimya. Kama vijana wa nyumbani wanaikataa picha ya zamani kwa ukungu wake, waonyesheni jipya kwanza. Wakinasa, rudini kwenye la zamani.

Ukifika sehemu ya 3, tulia kabisa. Astarte kumepiganwa. Muungano ulikwenda na meli 40,000 dhidi ya 20,000 za Reinhard, ukapigwa. Sasa kuna ibada ya kitaifa ya kuwakumbuka waliokufa, na mwenyekiti wa kamati ya ulinzi, Truniht, anapanda jukwaani. Hotuba yake ni nzuri. Ina sauti, ina machozi, ina mashujaa na damu na uhuru. Ukumbi mzima unasimama, isipokuwa Yang. Kisha anaingia mwanamke, Jessica Edwards, aliyempoteza mchumba wake vitani, anamwuliza mheshimiwa maswali mepesi kabisa: wewe ulikuwa wapi? Familia yako iko wapi? Anatolewa nje.

Fanya zoezi hili. Rudisha hotuba ya Truniht mwanzo uisikilize mara ya pili na kalamu mkononi. Andika kila mahali anapotaja mpango: lini, kwa njia gani, kwa gharama ipi. Karatasi yako itabaki nyeupe. Kisha andika kila mahali anapowafanya wasikilizaji waone aibu kutopiga makofi. Hapo karatasi itajaa. Ng'ambo ya mto wetu, mnamo 1993 na 1994, redio ya RTLM ya Rwanda ilijaza hewa sauti za watu wachangamfu wenye muziki mzuri, na kila mtu wa mpakani anajua sauti zile ziliishia wapi. Ngara nayo ilipata redio yake mwaka 1995, Radio Kwizera, iliyoanzishwa na shirika la Kijesuiti la kuhudumia wakimbizi, kwa kazi iliyo kinyume kabisa: kuwaambia watu ukweli wa waliko na kuwatafutia jamaa zao. Truniht hajafika kiwango cha RTLM. Lakini chombo ni kilekile, sauti inayoingia ndani kabla akili haijafungua mlango, na anime hii inakufundisha kuitambua ikiwa bado tamu.

Sehemu ya 12 hadi ya 15 ndizo ningekuomba uzitazame hata kama hutatazama nyingine yoyote. Nitakaa hapo kidogo.

Serikali ya Muungano imechokwa na wananchi na uchaguzi umekaribia. Baraza la mawaziri linakaa. Mezani upo mpango wa kuivamia Milki kwa askari milioni 30, uliopenyezwa kwa mlango wa nyuma na afisa mmoja kijana mwenye uchu wa cheo, Andrew Fork. Waziri wa fedha, Joao Lebello, anasema fedha hazipo. Huang Rui, anayesimamia nguvukazi, anasema mafundi na vijana wote wako jeshini, na huku nyuma mitambo inaachiwa wasioijua. Ndipo inaletwa mezani takwimu: ushindi mkubwa ndani ya siku 100 utapandisha umaarufu wa serikali. Wanapiga kura. Watatu wanakataa, Lebello, Huang, na, jambo la kushangaza, Truniht. Usipite hapo bila kujiuliza kwa nini.

Kila Mtanzania wa makamo anajua kipimo cha kulipima baraza lile. Mwalimu Nyerere, alipotangaza vita dhidi ya Amin Novemba 1978, aliliweka taifa mbele ya mambo matatu: uwezo, sababu na nia. Chukua mambo hayo matatu, andika kila moja kwenye mstari wake, kisha msikilize kila waziri na kila jemadari katika sehemu ya 12. Sababu yao ni ipi? Adui hakuwavamia safari hii. Uwezo? Lebello amekwisha kuwajibu. Kilichobaki ni nia, na hata hiyo ni ya watu wachache wanaotaka kubaki ofisini. Halafu linganisha gharama. Tanzania ilishinda, ilikuwa na sababu ya wazi, na bado baada ya ushindi Mwalimu alilazimika kuwaomba wananchi miezi 18 ya kufunga mkanda, nao uchumi ukaumia kwa miaka mingi zaidi ya hiyo. Hivyo ndivyo vita vilivyo hata vikiwa na uwezo, sababu na nia. Sasa ona vya wale wasiokuwa na sababu wala uwezo.

Katika mkutano wa majemadari, sikiliza swali la Yang. Anauliza sababu ya wakati: kwa nini tuvamie sasa hivi? Fork anamjibu kwa maneno makubwa. Mzee Bucock anamtazama kijana yule kama mzee anavyomtazama mtoto aliyeshika moto karibu na nyasi za paa.

Kinachofuata hakina mlio wa bunduki kwa muda mrefu, nacho ndicho kinachoua jeshi. Reinhard anaamuru majeshi yake yarudi nyuma na kubeba chakula chote cha sayari za mpakani. Muungano unaingia kama mkombozi, unapokewa na watu wenye njaa, na unajikuta unalazimika kulisha raia milioni 50 na zaidi. Maghala yanaisha. Mkombozi anaanza kunyang'anya. Waliopiga vigelegele wanaokota mawe. Wapo Ngara watu wanaokumbuka malori ya mahindi na maharage yakipanga foleni 1994, na wanajua kulisha watu robo milioni kwa siku moja kunadai nini: barabara, mafuta, maghala, maji, vyoo, kuni, na misitu iliyokatwa mpaka vilima vikabaki vitupu. Wakaribishe watu hao mtazame pamoja sehemu ya 14. Wataeleza kwa nusu saa kile ambacho wachambuzi huandikia kurasa. Nao watakuuliza swali ambalo anime inataka uulize: Reinhard, anayewaacha raia wake mwenyewe wafe njaa ili ashinde, ni shujaa wa nani?

Na hapa nikuonye kuhusu huyo Reinhard. Amechorwa mzuri, amepewa muziki mzuri, anawaadhibu makabaila waliostahili, anapandisha watu kwa uwezo badala ya ukoo. Utampenda. Karibu kila mtazamaji hufika mahali, kwa kawaida msimu wa pili, anaposema: afadhali mfalme mmoja safi kuliko bunge la akina Truniht. Tanaka amekupeleka hapo makusudi, kwa hiyo usione haya, lakini usihamie. Subiri sehemu ya 40. Humo Julian yuko safarini na anatazama filamu ya historia ya wanadamu, dakika 25 za kusimuliwa tu, bila pambano lolote la wahusika unaowajua. Wengi huiruka. Usiiruke, maana ndimo utaelewa kwamba Milki ile ya kutisha haikuanza kwa uvamizi. Mwasisi wake, Rudolf von Goldenbaum, alikuwa mwanajeshi hodari aliyepigiwa kura kihalali na watu waliochoshwa na rushwa na uvivu wa wanasiasa. Walimpa uwaziri mkuu, wakampa na urais, yeye akamalizia mwenyewe kwa kujivika taji. Naye alikuwa safi mwanzoni. Safi wa pili atakuwaje baada ya miaka ishirini, au mwanawe atakuwaje? Yang analiuliza hilo tena na tena, na hana jibu linalomridhisha hata yeye.

Swali hilo linakuja kwa ukali zaidi wanajeshi wa Muungano wanapojaribu kuchukua nchi, baada ya sehemu ya 17. Tanaka angeweza kuwachora kama majambazi. Amewachora waadilifu, wenye hasira ya haki dhidi ya ufisadi, wenye tangazo zuri la redio kuhusu kuliokoa taifa. Sisi tumezungukwa na matangazo ya namna hiyo: Burundi 1966, Uganda 1971, Rwanda 1973, Burundi tena 1987 na 1996. Tanganyika yenyewe iliyumba Januari 1964 askari wake walipoasi, na JWTZ iliundwa Septemba mwaka huo juu ya somo lile. Tazama wanajeshi wale wema wanavyoanza na amri ya kutotembea usiku, na fuata kwa makini siku ile raia wasio na silaha wanapokusanyika uwanjani. Nisiseme zaidi.

Mambo madogo ya kukusaidia njiani. Msimulizi wa anime hii ana tabia ya kutangaza mapema kwamba fulani atakufa, wakati mwingine sehemu kadhaa kabla. Usikasirike. Anaongea kama mwanahistoria, na kwa mwanahistoria kifo kimekwisha kutokea. Anakutaka uache kujiuliza kama atakufa, ujiulize kwa nini na kwa faida ya nani. Muziki ni wa akina Mahler, Beethoven, Bruckner na Dvorak, karibu kila sehemu, kwa hiyo spika ndogo ya simu inakudhulumu. Mapigano ya meli huonekana yanafanana. Usihangaike kufuata kila mwanga, fuata nyuso za makamanda na ramani zinazochorwa mezani. Msimu wa pili una sehemu, ya 31 na ya 32, ambako Yang anaitwa kuhojiwa na kamati ya wanasiasa huku adui akija. Ni maneno matupu chumbani, na ni mojawapo ya mapambano makali kuliko yote.

Watoto wadogo waende kulala. Ingawa ni picha ya kuchorwa, kuna mapigano ya mashoka yenye damu nyingi, na mwishoni mwa msimu wa kwanza kuna sayari iitwayo Westerland ambayo watu wake wanateketezwa na bwana wao mwenyewe, huku wengine waliojua mapema wakipiga hesabu ya faida. Hapo kuwa mwangalifu pia na watu wazima. Katika vijiji vyetu utakaa na mtu miaka kumi bila kujua alivuka mto akiwa na umri gani na alimwacha nani ng'ambo. Mwambie kila mgeni kabla ya jioni hiyo kitakachoonyeshwa. Mzee akiinuka katikati na kuaga, mwagane kwa heshima, msimwulize sababu, na simamisheni picha mpaka atoke.

Kuna kasoro ambazo sitazificha. Wanawake ni wachache mno kwa kisa kikubwa hivi, na wengi wao wamewekwa kumsubiri mwanamume au kumshauri. Jessica Edwards, Frederica Greenhill na baadaye Hildegard von Mariendorf wanaifanya kazi ya kubeba nusu nzima ya wanadamu. Raia wa kawaida wa Milki hatumsikii vya kutosha: tunamwona akiwa na njaa, akishangilia, akifa, lakini mara chache akifikiri. Nami naona Tanaka anawapenda mno watu wenye vipaji, kana kwamba historia huendeshwa na watu wanne wanaocheza bao. Mtazamaji wa Ngara anayo haki ya kuibishia hapo. Daraja la Rusumo halikuvukwa na majemadari.

Ubishi wenyewe upangeni. Baada ya sehemu mbili, zimeni. Kila mtu ajibu swali moja tu: leo nani aliamua, nani alilipa? Anayejibu ataje jina na tukio. Mwenye kuandika aandike kwenye daftari, tarehe na namba ya sehemu. Mkifika msimu wa tatu, someni majibu ya msimu wa kwanza kwa sauti. Mtashangaa ni wangapi wamehama upande, na wapo watakaokana kwamba waliwahi kusema walichosema.

Mkimaliza sehemu ya 110 msikimbilie kingine. Zipo sehemu 52 za nyongeza zilizotolewa kati ya 1998 na 2000, zinazorudi nyuma kwenye ujana wa Reinhard na wa Yang. Zitazameni baada, si kabla, ingawa matukio yake yanatangulia. Sauti ya Yang humo imebadilika, kwa kuwa Tomiyama Kei, aliyeitoa katika mfululizo mkubwa, alifariki 1995 kabla kazi haijakamilika. Ikifika zamu ya kisa cha Yang alipokuwa luteni huko El Facil, akiwahamisha raia waliotelekezwa na kamanda wao, mtazoea sauti mpya baada ya sehemu moja. Anayesoma Kiingereza anaweza kuvitafuta vitabu vyenyewe, vyote kumi vimetafsiriwa. Aanze na cha kwanza, na aje na daftari lile.